Mchanga wa Kigango

Nani angelala asubuhi ile? Binti yangu angekuwa mtoto wa kwanza kubatizwa katika kanisa jipya la kigango chetu, na gauni lake jeupe nililipiga pasi mpaka mume wangu akanicheka.

Kanisa lile ni letu kwelikweli. Kiangazi kizima jumuiya za waumini zilishindana kubeba mchanga, kina mama ndoo kichwani, nyimbo mdomoni, na jumuiya yetu ikawaacha wote mbali! Tulichota palepale kwenye kona ya mto, chini ya daraja letu la magogo, maana ndipo palipokuwa karibu. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angetuambia, na kazi ilikuwa ya Mungu?

Sasa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika mtoni, ukingo wa upande wetu haukuwepo. Ulikuwa umemeguka na migomba yake, na ncha za magogo zilining'inia juu ya maji mekundu. Ng'ambo kanisa linang'aa bati, padri amesimama mlangoni. Nililia kwa hasira, sifichi.

"Nyamaza, mama," mama mkwe akanitania. "Maji ya kubatizia hayajakosekana."

Wanaume wakafunga kamba, wakayavuta magogo mpaka yakaegemea jiwe. Padri akakunja kanzu, akakaa juu ya gogo kama amepanda punda, akaanza kujisogeza. Kelele!

"Baba, usitazame chini! Njoo, Baba, njoo!"

Tulimpokea kwa vigelegele, matope mpaka kiunoni, naye anacheka kutuzidi. Akambatiza binti yangu palepale kwenye nyasi, na furaha ikanijaa.

Katekista, aliyevuka nyuma ya padri, akatoa tangazo kama ilivyo kawaida yake: plasta bado, Jumamosi kila kaya ilete mchanga.

Mama mkwe akamtazama miguuni.

"Mwalimu," akasema, "mchanga uliobaki ni huo unaoukanyaga."

Katekista akainamisha macho, kisha akageuka nyuma, nasi tukageuka naye. Ufa mrefu ulikuwa umezipasua nyasi. Sisi sote, na padri, na mtoto, tulikuwa upande wa mto.