Jina Ambalo Sikio Hakutaka Kulisikia

Wa kwanza kumwita Sikio alikuwa mlinzi wa getini, kwa sababu dada huyu alikuwa anajua nani anaingia kabla mtu hajafungua mdomo, kwa mburuzo wa viatu tu. Jina likanata. Alikuwa haoni tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuhariri vitabu katika nyumba ndogo ya uchapishaji, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Naam, mhariri asiyeona. Kama unashangaa, shangaa upesi umalize, maana habari hii haihusu macho. Inahusu wivu.

Kompyuta yake ilikuwa na kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Yeye aliiita Kasuku. Alikuwa ameiongeza mwendo mpaka wenzake wakiisikia wanadhani ni maharage yanamwagwa kwenye sufuria. Sasa, mhariri akigusa kitu kwenye faili, kompyuta inaweka alama: hiki kimefutwa, hiki kimeongezwa, na aliyefanya ni fulani. Wenye macho wanaona rangi. Sikio alikuwa anashuka mstari kwa mstari na Kasuku anamwambia: "Imefutwa," halafu maneno yenyewe, halafu "mwisho wa kilichofutwa," halafu jina la mtu. Sikio la kushoto lilikuwa na kipokea sauti kidogo cha kuchomeka, la kulia aliliacha wazi kwa ajili ya umbea wa ofisi, na kidole kinaamua: kubali, au kataa. Kazi hiyo aliijua, na alijua kwamba anaijua, na hakuona sababu ya kuficha.

Kati ya waandishi wote, kipenzi chake alikuwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa muuguzi maisha yake yote na sasa alikuwa anaandika kitabu kuhusu maisha hayo. Ofisi nzima ilimwita Muuguzi. Kurasa zake za kwanza alizileta kwenye mfuko wa plastiki, zimeandikwa kwa mkono, na ni Sikio aliyemwambia, "Mama, hiki ni kitabu, usikiache." Tangu hapo ilikuwa simu kila mara. "Mwanangu, nimekwama." "Mwanangu, sikiliza hii." Sikio hakuwahi kumwambia mtu, lakini simu ile ikilia, moyo wake ulikuwa unachangamka kama wa mtoto aliyeletewa zawadi.

Ndipo akaja mhariri mpya. Msichana mwenye sauti nyororo, viatu vya raba visivyotoa mlio, na tabia njema ya kuudhi. Siku ya kwanza mtu akauliza, "Huyu nani?" Mwingine akajibu, "Mgeni." Basi akawa Mgeni, na yeye mwenyewe kwa utani akaliandika hilo hilo kwenye kompyuta yake, kama Sikio alivyokuwa ameandika lake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu alianza kuumwa siku hiyo hiyo.

Maana Bosi, mkuu wa uhariri, alimpa Mgeni naye asome na kuhariri kitabu cha Muuguzi. "Macho mapya," alisema Bosi, halafu akakohoa, halafu akasema, "Yaani... mtazamo mpya." Sikio akacheka pamoja na wengine. Ndani hakucheka.

Wiki haikupita, simu ya meza ya jirani ikalia, na Sikio akaitambua sauti iliyokuwa ikivuja humo. Muuguzi! Muuguzi wake! Anaongea na Mgeni, anaongea kwa raha, na Mgeni anasema, "Ndiyo Mama, ee Mama, hapo umenigusa kabisa Mama." Sikio akajifanya anaandika. Aliandika mstari mzima wa herufi zisizo na maana, na Kasuku, ambaye hana adabu wala siri, akamsomea upuuzi wake wote.

"Dada, nikuletee chai?" Mgeni akauliza baadaye.

"Nina miguu," Sikio akajibu.

Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa nafuu! Mtu mbaya unamchukia, unalala. Huyu alikuwa anasogeza viti vilivyoachwa njiani, anaweka mlango wa kabati ukae umefungwa ili Sikio asijigonge, wala hakutaka shukrani. Kila wema wake ulikuwa unamkera Sikio kama kokoto kwenye kiatu.

Nyumbani aliyamwaga yote kwa mume wake, fundi seremala, mtu wa kusikiliza huku anatafuna. Alimsikiliza mpaka mwisho, akanywa maji, akasema, "Mke wangu, wivu wa namna hii mbona mimi hujawahi kunionea hata mara moja?"

"Wewe atakuchukua nani?"

"Haya. Lakini huyo mama si mali yako. Ana kitabu cha pili, atampa anayemtaka."

Na hapo ndipo palipokuwa na donda lenyewe. Muuguzi alikuwa na kitabu cha pili kichwani, kuhusu mama yake na utoto wake, na alikuwa amemwambia Bosi kwamba akishasoma hiki cha kwanza kimekamilika, atasema mwenyewe nani akishike kinachofuata. Sikio alikitaka kitabu hicho kuliko alivyowahi kutaka cheo. Alitaka aitwe mwanangu tena, yeye peke yake.

Bosi akaunganisha kazi za wahariri wawili kwenye faili moja, mabadiliko ya Sikio na ya Mgeni yamechanganyika ukurasa kwa ukurasa, akampa Sikio kwa kuwa ndiye mkubwa kazini. "Pitia lote. Linalofaa kubali, lisilofaa kataa. Muuguzi anakuja kusoma nakala safi."

Sikio akaketi, akachomeka kipokea sauti, akaanza. Imefutwa, Mgeni. Imeongezwa, Mgeni. Imefutwa, Sikio. Imeongezwa, Mgeni. Mgeni, Mgeni, Mgeni! Jamani, hata Kasuku? Hata Kasuku wake, aliyekuwa naye miaka yote hii, naye amegeuka wa kumwimbia sifa jirani? Akaingia kwenye mipangilio, akatafuta mahali panaposema kutaja jina la aliyebadilisha, akaondoa alama. Kimya. Sasa ilibaki imefutwa na imeongezwa, bila ya nani wala nani. Akashusha pumzi.

Utasema, si atakumbuka yake ni yapi? Wapi. Alikuwa amekipitia kitabu kile muda mrefu nyuma, na vingine vimepita katikati. Mhariri hakumbuki kila alichofuta, kama mpishi asivyokumbuka kila kitunguu alichokata. Isitoshe hakuhitaji kukumbuka. Alikuwa anajua! Akisikia kitu kizuri, alijiambia, "Hiki changu, nani mwingine?" Akisikia kibaya, "Ndiye huyo huyo, viatu vya raba." Mahali fulani mtu alikuwa ameongeza aya nzima ya kueleza korido ya hospitali, rangi ya kuta, harufu ya dawa, mpaka vitasa. "Lo! Kweli mtu huyu kasoma? Anamweleza muuguzi korido?" Kataa. Akaigonga ile kataa kwa raha mpaka Mgeni akauliza kama kitufe kimekwama.

Halafu akafika pale mama yake Muuguzi anapofariki, katika wodi ile ile alimokuwa zamu binti yake. Muuguzi alikuwa ameandika kilio cha ukurasa mzima. Mtu alikuwa amekifuta chote na kuacha sentensi moja tu iliyokuwa imezama katikati: Nilimfunika mama kwa shuka la wodi, nikarudi kuwapa wagonjwa wengine dawa.

Sikio akaacha kugonga. Akairudia. Akapunguza mwendo wa Kasuku, jambo ambalo hafanyi kamwe, akaisikiliza tena polepole. "Hii nilifanya mimi," akajisemea, na aliamini kabisa, bila hata chembe ya uongo moyoni. Kubali.

Muuguzi alipokuja, walimkalisha chumba cha mikutano na nakala iliyochapwa, wahariri wawili huku, Bosi kule. Alisoma karibu asubuhi nzima. Karatasi zilikuwa zinageuka, zinageuka, halafu zikaacha kugeuka. Sikio akasikia mtu mzima anavuta kamasi.

"Hapa kwa mama," Muuguzi akasema, na sauti ilikuwa imemlegea. "Nililia sana kuandika hapa, na nilipomaliza nikajua bado sijasema. Sasa limesemwa. Nani alikata hapa?"

"Ni mimi, Mama," Sikio akasema.

Hakungoja hata pumzi moja. Na alisema akitabasamu, uso wote umefunguka.

Kiti cha Bosi kikalia. Halafu ikaja sauti nyororo kutoka upande wa Mgeni: "Hongera, dada."

"Basi sina la kufikiri," Muuguzi akasema. "Cha pili kishike wewe, mwanangu. Mpaka mwisho."

Eh, mambo! Sikio alirudi mezani kwake kama bibi harusi. Na kwa kuwa raha haitoshelezi mtu mara moja, akataka aionje tena. Akafungua faili lile la mwanzo, lenye alama zote, ambalo nakala yake bado alikuwa nayo. Akaenda kwenye mipangilio, akarudisha kutajwa kwa majina, kusudi Kasuku amsomee ushindi wake kwa jina lake. Akashuka mpaka kwenye shuka la wodi.

"Imefutwa," akasema Kasuku. "Mgeni."

Akarudi juu, akashuka tena. Mgeni. Akaikimbilia ile korido, kuta, dawa na vitasa vyote. "Imeongezwa," akasema Kasuku. "Sikio."

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Lakini aibu ilikuja ya pili, nisikudanganye. La kwanza lilikuwa wivu, wivu mkali kuliko ule wa simu na ule wa chai, kwa sababu sasa alikuwa na hakika: yule msichana alikuwa amesikia kwenye ukurasa ule kitu ambacho yeye, Sikio, alikipita. Angalau mwanzoni angeweza kusema Mgeni anapendelewa tu. Sasa aseme nini?

Akavua kipokea sauti. "Mgeni."

"Abee, dada."

"Pale kwa mama yake. Ulijua ni kazi yako?"

"Nilijua."

"Bosi je?"

"Naye alijua. Alinitazama, nikamtikisia kichwa anyamaze."

"Mbona hukusema? Unanionea huruma? Kwa sababu sioni?"

"Ah, dada, huruma ya nini? Unavyonijibu wewe, nani atakuonea huruma? Ulisema 'ni mimi' kwa furaha. Tangu nimekuja hapa sijawahi kukuona unafurahi. Nikaona nisikuondolee."

Angetukanwa angejibu. Matusi alikuwa nayo tayari, ya kutosha. Kwa hili alikaa, mikono mapajani, na hasira yake yote ikakosa pa kwenda. Kitabu kilikuwa chake. Hakuna aliyekuwa anampokonya. Angenyamaza tu, angeitwa mwanangu mpaka uzee, na kila akiitwa angejua jina hilo kwa haki ni la nani.

Akachukua simu, akampigia Muuguzi, aliyekuwa bado njiani kurudi nyumbani.

"Mama, nilikosea. Yule aliyekata pale kwa mama yako si mimi. Nilidhani ni mimi. Ni Mgeni."

Kelele za barabara zikapungua, kama mtu aliyesogea pembeni.

"Una hakika?" Muuguzi akauliza.

"Nimesikia jina lake."

"Umefanya vizuri kuniambia. Basi nipe huyo mwenzako niongee naye."

Sikio akanyoosha mkono wenye simu juu ya meza. Vidole vya Mgeni vikaja vikaishika upande wa pili. Wakabaki hivyo, wawili wameshika simu moja.

"Dada," Mgeni akasema polepole, "achia."