Kidole cha Kuazima

Dobi wa mlango wa pili hupuliza vidole kabla ya kugusa simu, utadhani simu nayo ni pasi ya moto. Wiki nzima amekuwa akipima moyoni huku akikamua mashuka. Benki ya dirishani inamkata kila mwezi, na foleni yake inamlia asubuhi nzima. Hii ya kwenye simu karibu haikati chochote. "Lakini mdogo wangu," huniuliza, "siku pesa ikipotea nitagombana na nani? Dirishani kuna mtu, namwona mpaka macho." Akiba yenyewe ni ya operesheni ya jicho la mama yake, ndiyo maana sauti humshuka kila anapoitaja.

Jana akaamua. Simu ikataka alama ya kidole. Akaweka gumba, ikakataa. Akalifuta kwenye gauni, ikakataa tena. Akajaribu vyote kumi, polepole, kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango usio wake. "Sabuni imenilamba alama zote," akasema, akacheka. Kisha akanigeukia, mtoto wangu amelala mgongoni. "Niazime chako."

"Dada, si nitaweza kuifungua akiba yako saa yoyote?"

"Najua. Wewe angalau nakuona macho."

Simu ilikikubali mara moja. Leo nimemenya viazi vyote kidole hicho nimekikunja, naogopa kisu.