Majina Niliyokataa Kuyafuta

Nakumbuka vizuri asubuhi ile Sista Mwende alipopanda ngazi za ofisi yetu pale Hurlingham, kidude chetu kikiwa ndani ya kiondo, waya umening'inia nje. Nilikuwa msichana bado, mhandisi wa programu, nikitoka kwetu Mutuini kila alfajiri na tope kwenye viatu na kiburi tele kichwani. Kiburi hicho, mwanangu, sijakitubia mpaka leo.

Kampuni ya Bwana Gitau ilitengeneza vidude vya kulinda friji za dawa. Friji ikianza kupata joto, kidude kinamtumia muuguzi ujumbe kwa simu. Sista aliendesha zahanati ndogo huko mtaa wa Satellite.

"Stima ilipotea tukiwa misa," alituambia. "Ikarudi, ikapotea tena. Hiki kitu kilinyamaza tu. Chanjo za watoto tumetupa zote."

Bwana Gitau alikigeuzageuza mkononi. "Sista, hii ni ya zamani. Hatuitengenezi tena. Chukueni mpya."

"Mpya hatuwezi. Lakini tuna fundi anayejua mambo ya programu. Mtupatie code yake, yale maandishi ya programu, ajaribu kurekebisha."

"Code ni siri ya kampuni."

Hapo mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Si siri, Bwana Gitau. Ana haki ya kupewa."

Ngoja nikueleze, maana wengi wenu bado hamlijui hili. Programu iliyokuwa ndani ya kile kidude, sehemu kubwa hatukuiandika sisi. Iliandikwa na watu wa nchi nyingi ambao hatukuwahi kuonana nao, wakaiachia dunia bure, lakini kwa leseni yenye masharti. Ukiiuza ndani ya chombo chako, mnunuzi akiomba, umpe maandishi yake yote, pamoja na mabadiliko uliyoyafanya na maelekezo ya kuijenga upya. Na majina ya walioiandika yabaki palepale. Sisi tulikuwa tumebadilisha sehemu inayoamsha modemu, kile kipande kinachotuma ujumbe, stima ikirudi, na ndipo hitilafu ilipokuwa.

Gitau alingoja sista aondoke, kisha akaniita.

"Wewe unafanyia nani kazi? Mimi ama sista?"

"Wewe. Ndiyo maana nakuambia ukweli."

"Sasa sikia. Kwenye hiyo mpya tunayotoa, ondoa hayo majina yote ya wazungu, weka jina la kampuni. Nani atajua? Ni kitu kimefungwa na skrubu."

"Si wazungu tu. Mmoja wao ni wa Eldoret. Na mimi sifuti."

"Wairimu, sikuombi."

"Hata mimi siombi ruhusa ya kukataa."

Nilirudi kwenye meza yangu nikafanya kazi iliyopaswa kufanywa tangu mwanzo. Programu yetu wenyewe, ile inayoandika ujumbe, niliiacha upande wake. Hiyo ilikuwa mali halali ya kampuni. Zile tulizopewa, na mabadiliko yetu na maelekezo, nikaziweka kwenye flashi. Nikamwekea Gitau mezani, wenzangu wote wakitazama. "Yako sijaigusa. Hii ni ya kumpa sista."

Aliisukumia ndani ya droo akaniambia niende nyumbani, nisirudi. Nilishuka ngazi mchana kweupe, mikono mitupu. Sikuwa nimeiba hata mstari mmoja.

Nilikwenda moja kwa moja Satellite. Nikamwambia sista kwamba wenye nguvu ya kudai kisheria ni wale walioandika ile programu, basi awaandikie, awaeleze yaliyotokea. Akawaandikia. Nao wakamjibu Gitau bila kuzunguka: mpe mnunuzi anachostahili, au uache kuuza vidude vyenye kazi yetu.

Simu yangu ikalia. "Wairimu, njoo. Hata na maelekezo yako, hapa hakuna mtu anajua kuijenga hii kitu kutoka mwanzo."

"Nitakuja. Majina yanabaki."

"Yabaki," akasema.

Flashi ikatoka kwenye droo, ikamfikia sista, na yule fundi wake akaipata hitilafu, akairekebisha, akaturudishia marekebisho yake. Gitau aliyaweka kwenye vidude vya zahanati nyingine zote, na jina la fundi juu yake. Hakuniomba msamaha, wala mimi sikukaa kuungoja.

Basi, mwanangu, wewe unayeandika programu za mita, za mageti, za mashine za hospitali, nisikilize. Soma leseni kabla hujaandika mstari wa kwanza, si siku mteja anapobisha hodi. Jua kipi ni chako na kipi umepewa, usivichanganye. Kifaa kikitoka mlangoni, maandishi yake na namna ya kuyajenga yawe tayari. Ukiwa na shaka, muulize mwanasheria, usiulize hofu yako. Na mkubwa wako akikuagiza ufiche, mkatalie uso kwa uso, usimwibie, usimsengenye. Watasema una kichwa kigumu. Kuwa nacho.

Mungu akupe mgongo usiopinda mbele ya mtu, akupe wenzako wa kusimama nawe, na akupe kazi ambayo yeyote akiifungua na kutazama ndani, wewe huoni haya. Nenda salama, mwanangu.