Siku Tulizokaa Bila Kocha

Kocha alifukuzwa Jumapili jioni, na Jumapili hiyohiyo jioni mume wangu akaanguka. Watu wa Iguguno mpaka leo wanayasimulia mambo hayo mawili kwa pamoja, utadhani barua ya kufukuzwa aliandikiwa yeye. Timu yenyewe sitaitaja. Mashabiki wake wanajijua, na wale wa upande wa pili wanawajua zaidi.

Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Redio iko sebuleni, sauti juu kama kawaida yake, mtangazaji anasema uongozi umeachana na kocha mkuu baada ya kipigo cha mchana, mechi ya mwisho ya msimu. Nikasubiri tusi. Katika ndoa yetu sikuwahi kusikia taarifa ya michezo ikapita bila mume wangu kumtukana mtu: refa, mshambuliaji, wakati mwingine mtangazaji mwenyewe. Safari hii sikusikia kitu. Ukimya ule ndio ulionitoa jikoni na mwiko mkononi. Nikamkuta sakafuni, mgongo kwenye kochi, mdomo umeenda upande, ananitazama kama anataka kuniuliza jambo na maneno hayaoni.

Niliogopa. Nasema hivyo bila haya kwa sababu baadaye watu walinisifia eti nilikuwa jasiri. Ujasiri upi? Nilipiga yowe mpaka fundi cherehani, jirani yetu, akaja mbio na futi yake ikining'inia shingoni. Yeye ndiye aliyetafuta gari. Mimi njia nzima mpaka Singida mjini nilichofanya ni kumshika mume wangu ukosi wa shati na kumwambia Mungu maneno ambayo hayakuwa hata na mpangilio.

Daktari alisema ni kiharusi, kimeletwa na presha. Upande wa kulia umelegea, na ulimi nao. Vinaweza kurudi, vinaweza visirudi. Akaniuliza mgonjwa alikuwa anafanya nini wakati ule, nikamwambia. Akatabasamu kidogo, nadhani naye ni shabiki, kisha tabasamu likamtoka.

"Mama, mpira aupumzishe. Hasira asipate, na furaha ya kupitiliza asipate. Kikija cha pili, siwezi kukuahidi kitu."

Tulipolala nyumbani mara ya kwanza baada ya kuruhusiwa, maneno hayo nililala nayo. Hasira asipate, furaha asipate. Nilijiuliza sasa huyu mtu nimpe nini, uji tu?

Redio niliificha chini ya magunia ya alizeti. Simu yake nikaizima nikaifungia kabatini. Upande wa kushoto wa shingo yake kuna mshipa ambao sikuwahi kuujua, miaka yote ya kulala kitanda kimoja. Sasa nikaujua kuliko ninavyoujua uso wangu. Nikimlisha nautazama, nikimnyoosha vidole nautazama, akisinzia nauinamia nione kama bado unacheza. Kiwandani kwao, kwenye mashine ya kukamulia mafuta, walimwekea mtu mwingine, na ilikuwa ndiyo kwanza alizeti inaingia kwa wingi. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua nilikuwa sijakijua.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nikasema, kama ni ulimi, hii ndiyo kazi yangu. Nikaleta kadi zangu za silabi kutoka shuleni, nikakaa mbele yake kwenye kigoda. "Baba, sema ba. Be. Bi." Akanitazama. Nikarudia kwa ile sauti yangu ya darasani, ya kubembeleza. Mume wangu, mtu aliyekuwa anawafokea vijana kiwandani mpaka barabarani wanasikia, akageuza uso ukutani na chozi likamshuka upande ule mzima. Kadi nikazirudisha shule.

Wageni ndio walionishinda. Mgonjwa kwetu hafungiwi mlango. Anayekuja kumjulia hali anakaribishwa, anapewa kiti, anakaa mpaka atosheke. Kila jioni walikuja wawili: fundi cherehani, shabiki mwenzake wa damu, na mwenye bucha, ambaye ni wa timu ya upande wa pili na hana aibu. Walikaa barazani, mume wangu katikati kwenye kiti chenye mito. Dakika chache ni pole kaka, unaendeleaje, mkono unasemaje. Halafu sauti zinashuka. Nikisikia zimeshuka, najua wamefika kwa kocha.

Nilisimama nyuma ya pazia na kitambaa cha kufutia vyombo, nikisikiliza. Makocha hawa hawakuwa na majina, walikuwa na nchi. Kuna Mreno, kuna Mserbia, kuna Mbrazili, kuna Msauzi, na kuna mzawa, ambaye hakuna aliyemtaka. Mreno ameshatumiwa tiketi. Mserbia mkali, hafai kwa vijana wetu, watamkimbia. Mbrazili anataka aje na familia nzima na mpishi. Fundi alikuwa na habari mpya kila siku, zote kutoka "mtu wa ndani kabisa", na mtu huyo wa ndani kabisa kila siku alisema tofauti na jana.

"Leteni hata malaika," mwenye bucha akasema, "mabao mtakula yaleyale."

Nikatoka nje. "Mashemeji, hapa pana mgonjwa. Kocha mkamtafutie buchani."

"Shemeji tusamehe," fundi akasema, akashika kofia. Kesho yake walirudi, sauti chini zaidi.

Niliwachukia, kusema kweli. Niliwaona kama watu wanaochezea kiberiti kwenye nyumba ya nyasi, na nyumba ni ya mwenzao. Lakini kumfukuza mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, huko Iguguno, ningeonekanaje? Na kuna jambo jingine nililolikwepa: mume wangu, ambaye mchana kutwa alikaa na macho yasiyotazama popote, ikifika jioni aliyaelekeza kwenye njia wanayotokea.

Siku moja asubuhi, namfuta uso, akasema neno. Neno lenyewe, si ile milio.

"Meno."

Nilipiga goti pale pale. "Meno, Baba? Yanauma?"

"Meno!"

Nikakimbilia maji ya moto na chumvi. Nikamfungua kinywa, nikachungulia, nikagusa jino moja moja kwa kidole. Akanisukuma kwa mkono wa kushoto. Nikadhani nimegusa linalouma. "Hili?" Akapiga mkono wa kiti. "Meno! Meno!" Uso ulikuwa umemwiva, mshipa umesimama, na mimi bakuli likanimwagikia. Nikajua ndicho hicho cha pili kimekuja. Nikatoka mlangoni nikimwita fundi kwa sauti ileile ya Jumapili.

Fundi akaja na pini mdomoni. Akasimama akamsikiliza mgonjwa, kichwa ameinamisha upande.

"Meno," mume wangu akasema, sasa karibu analia.

Fundi akatoa pini mdomoni. "Shemeji, huyu hasemi meno. Anasema Mreno."

Mume wangu akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyesikilizwa hatimaye. Mimi, mwalimu wa silabi, nilibaki na chumvi kiganjani.

"Bado hajasaini, kaka," fundi akamwambia, taratibu, kama anayempa taarifa bosi wake. "Kuna mvutano kidogo wa mshahara. Lakini anakuja."

Hofu yangu ilizaliwa upya siku ile, maana zamani ilikuwa hofu ya kitu kimoja. Tuliporudi kliniki daktari alifurahi kusikia neno limetoka. Akasema aongeleshwe, aongee anachokipenda, ulimi unafuata moyo. Nikamkumbusha habari ya hasira na furaha. Akasema hiyo pia iko palepale. Nikatoka na mume wangu mkononi, nimepewa amri mbili ambazo haziwezi kukaa nyumba moja. Kinachomrudishia ulimi ndicho kinachoweza kumuua, na wa kupima ni mimi, mtu nisiyejua hata kwa nini mpira wa kona unaitwa kona.

Nikahamia barazani. Nilikaa na ungo wangu wa mchele katikati ya wanaume watatu nikawa refa. Masharti yangu yalikuwa haya: hakuna kupaza sauti, hakuna kutaja ile mechi ya mwisho, na mwenye bucha akicheka, acheke akiwa ameangalia barabarani. Waliyafuata. Na kweli maneno yakaanza kurudi, mengine kwa Kinyiramba kwanza, Kiswahili kikifuata nyuma. Alianza na Mserbia, ambaye kwake alikuwa "Sebia". Akapata "hapana". Akapata "mjinga", hilo likatoka safi kuliko yote. Kila neno lilinifurahisha na kila neno nililitazama shingoni.

Kuna jioni fundi alikuja anahema. Dereva wa lori amemwambia kwamba Shelui, pale malori yanapopumzika, amemwona mzungu mwenye kofia na kaptula anakunywa soda, na kijana wake amebeba begi la vifaa.

"Mreno!" mume wangu akasema, na R ikasikika.

"Sasa Mreno afuate nini Shelui?" mwenye bucha akauliza. "Anakuja kwa lori?"

"Anakuja kimyakimya, waandishi wasimjue."

Mume wangu akainuka. Hakuwa ameinuka mwenyewe tangu Singida. Aliushika mkono wa kiti kwa kushoto akajisukuma juu, akasimama, anayumba, macho yanawaka kama kijana, na mimi nikauachia ungo, mchele ukamwagika wote barazani. Nilimkumbatia kiunoni. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye shavu langu, haraka mno, haraka kuliko inavyoruhusiwa, nikawa namwambia kaa, kaa Baba, nakuomba ukae. Akakaa. Kesho yake ikajulikana mzungu yule ni mtu wa kuchimba visima. Mwenye bucha alisahau masharti, alicheka mpaka akashika ukuta, na mume wangu naye akacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja. Mimi niliingia ndani nikakaa kitandani. Nilikuwa nimefika mahali pa kuogopa hata kicheko.

Halafu ikatangazwa kwamba kocha mpya atatajwa Ijumaa saa kumi. Nililichukia hilo kuliko ugonjwa. Ugonjwa ulikuja bila kusema, hiki kilikuwa kinakuja na saa yake. Nikaenda kwa fundi, nikamkuta anashona sare za shule, nikamwambia shemeji, leo naomba unisaidie. Akiwa ni Mreno, tutafanyaje asifurahi sana? Asipokuwa Mreno, tutamwambiaje?

Fundi akasimamisha cherehani. "Kama tunavyosema msiba," akasema. "Hatusemi moja kwa moja. Tunasema kwanza hali si nzuri."

Basi Ijumaa ile mume wangu alikaa chumbani, nilimwambia barazani kuna upepo. Fundi alikaa kwake na simu, mimi nikasimama uani naangalia mlango wake. Akatoka. Akatikisa kichwa. Nikamfuata, akaninong'oneza: wamemrudisha yule wa zamani. Yule waliyemtimua kwa kuzomea misimu iliyopita, ambaye mume wangu alikuwa hawezi kumsikia akitajwa bila kuacha chakula.

Nilisoma dua yote niliyoijua kutoka uani mpaka chumbani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono ule uliolala.

"Baba, yule Mreno hali yake si nzuri."

Akanitazama. "A-mekufa?"

"Hapana. Haji."

Mshipa ulikuwa unacheza. "Nani?"

Nikamtaja. Sikuvuta pumzi. Nilimwona anavimba kama zamani, kifua kinapanda, nikauminya mkono ule usiosikia kitu, nikasema moyoni Mungu, chukua chochote kingine, chukua nyumba. Kifua kikakaa juu kidogo. Kikashuka.

"Huyo," akasema, akitafuta kila neno mahali pake, "tu-tashuka daraja."

Ilikuwa sentensi. Ya kwanza kamili, na ilikuwa ya kulalamika, na mimi machozi yakanitoka pale pale. Sikuwa nimelia mbele yake tangu siku ile. Akanitazama nikilia, akashangaa, nadhani alifikiri nimeumia na mimi kwa ajili ya Mreno.

"Wewe," akaniuliza, "ulim-taka nani?"

Hakuwahi kuniuliza. Si kocha, si mchezaji, si chochote cha mpira, miaka yote.

"Mimi namtaka wa sare tasa," nikamwambia. "Kila mechi, bila bila. Asifunge, asifungwe. Msimu huu, na ujao, mpaka tuzeeke."

Akafikiri. Alifikiri kweli, nikaona anavyojaribu kumtafuta kocha wa namna hiyo kwenye nchi zote anazozijua.

"Huo si mpira," akasema.

"Najua si mpira. Lakini wewe utakuwepo."

Mkono wa kushoto ukaja juu ya kifua chake, ukaupita ule mwingine uliolala, ukanishika kidole gumba.

"Haya," akasema. "Bila bila."