Lakini ya Mama

Nisikufiche, mimi ni mwalimu wa makelele. Nafundisha Kiingereza hapa Karatu mjini, na wanafunzi wangu wengi wanataka kuongoza watalii Ngorongoro. Asubuhi ile somo lilikuwa neno moja tu, "but".

"Mgeni akikwambia chumba ni kizuri, but," nikawaambia, "usianze kuchekelea, bwege wee! Alichokujia bado hajakisema." Nikawaeleza kwamba zamani za kale Waingereza walilitumia kwa maana ya "nje". Polepole likawa "isipokuwa", mwishowe likawa lakini tunayoijua. Wote wakaandika. Nikajiona profesa.

Simu ikaita. Alikuwa mama, kutoka Oldeani.

Sasa, mama yangu ni Mwiraqw wa zamani. Kwake habari mbaya haitangulii salamu hata nyumba ikiwaka moto. Kwanza watu, kisha ng'ombe, kisha maharage ya ngwara shambani, mvua, majirani. Ubaya unakuja mwishoni kabisa, taratibu, baada ya lakini. Nimekulia humo, nayajua hayo kuliko Kiingereza.

"Hatujambo, mwanangu," akasema. "Ng'ombe wazima. Ngwara imetoa maua..."

"Mama, niko darasani! Kama ni wazima, Mungu ashukuriwe. Nitakupigia."

Nikakata. Wanafunzi wakacheka, nami nikacheka, nikarudi ubaoni.

Saa nane mchana nikampigia. Akaanza upya: hatujambo, ng'ombe wazima. Sauti yake ilikuwa imekauka. Nikakaa chini pale pale mlangoni.

"Mama. Lakini nini?"

"Lakini baba yako ametutoka."

Jamani! Baba yupi? Huyu niliyemwacha Jumapili akipalilia kahawa, akinitania kwamba nimenenepa kwa chipsi za mjini? Nilipiga yowe, wanafunzi wakatoka mbio. Nikamfokea mama, Mungu anisamehe. "Mbona hukuniambia asubuhi?"

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

"Asubuhi alikuwa hai," akasema. "Kifua kilimbana tangu alfajiri, tukawa tunasubiri gari. Akataka kukusikia. Nikaweka simu sauti kubwa, nikailaza kwenye mto wake. Ulipokata nikataka kukupigia tena, akanizuia mkono. Akasema, 'Mwache mwanangu, anafundisha.' Hakusema neno jingine."