Nepi Kwanza, Askofu Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika nguo hata moja. Nilikuwa kijana, nimefika Iringa mjini na shati moja la maana, nikaajiriwa chumba cha dobi katika hoteli moja ya kilimani. Bosi wetu alikuwa na cheo cha Mkuu wa Dobi, mzee wa Kibena mwenye sauti ndogo na macho makali. Nilimsalimu, "Kamwene," akaitikia, "Kamwene," kisha akanikabidhi pasi ya mkaa na kunionyesha mlango wa nje.

"Leo wewe ni wa moto," akasema. "Nguo utaziona kesho, ukiniridhisha."

Ninyi mnaochomeka waya ukutani hamwezi kujua moto ule. Pasi ya mkaa ni sanduku la chuma lenye kifuniko na mpini wa mti, na mkaa unawaka humo ndani. Mkaa ambao haujashika vizuri unatoa moshi, na shuka inanuka jiko. Ukirusha cheche, umetoboa nguo ya watu. Sharti uwe mwekundu wote, umetulia, ndipo unafunga kifuniko. Mimi siku ile nilisimama upande usiofaa, na upepo wa Iringa anayeujua anaujua. Jivu liliruka likatua kwenye shuka nyeupe zilizokuwa zikiingizwa ndani.

Mkuu wa Dobi hakunitukana. Alizirudisha shuka kwenye beseni, akaniambia, "Mwanangu, pasi haiogopi moto, inaogopa upepo. Jifunze kwanza upepo unatoka wapi." Mpaka leo nikitoka nje asubuhi, kabla sijamsalimu mtu, nimeshajua upepo unatoka wapi.

Huyo ndiye aliyenipa kazi mkononi. Alinifundisha kwamba shati lina utaratibu wake: kola kwanza, ukianzia kwenye ncha kuja katikati, kisha mabega, kisha mikono, na kifua na mgongo mwisho. Alinifundisha kupika wanga, ambao ni uji mwepesi wa unga wa muhogo unaochujwa kwa kitambaa, ili kola isimame kama imeitwa jina. Kaki inataka moto na unyevu. Nailoni inataka huruma. Maji tulikuwa tunanyunyiza kwa mdomo, ukungu mwembamba sawasawa, na wageni wa hoteli waliotuchungulia dirishani walishika vichwa. Suruali nilizozinyoosha mimi, wenzangu walisema nzi akitua kwenye mstari anakatika vipande viwili. Sijisifu. Au basi, najisifu, maana kazi niliijua.

Kutoka hotelini nilichukuliwa na hospitali moja ya misheni, huko huko Iringa, nikawe msimamizi wa dobi. Mkubwa wangu pale alikuwa Matroni, mama mpana, Mlutheri wa kweli, aliyetembea polepole na kufika kila mahali kabla yako. Hospitalini nilikuta pasi ina kazi nyingine kabisa. Mwezi wa sita na wa saba Iringa haina jua la kuaminika. Nguo inakaa kwenye kamba mpaka inasahau ilianikwa lini, na ukiigusa bado ina ubaridi wa maji. Hapo pasi ndiyo jua. Tulikaushia nguo za wodi nzima, na kazi ya kwanza kila asubuhi ilikuwa nepi na vitambaa vya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Miili yao haijajua kujitunzia joto. Kitambaa chao sharti kiwe kikavu, na kifike kikiwa bado na joto la pasi.

Asubuhi moja ya baridi tulikuwa tunamngoja Askofu. Katibu wa Hospitali, bwana mwenye haraka zake, akaingia chumba cha dobi amebeba vitambaa vya meza mikononi.

"Acha hivyo vinepi," akaniambia. "Mgeni yuko njiani. Meza kwanza."

Sikuwa na cheo cha kumbishia, nikaiweka pasi chini. Lakini Matroni alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Katibu, hizo nguo ni za nani?"

"Za chakula cha Baba Askofu, Matroni."

"Na hizi?"

"Za watoto."

Matroni akachukua nepi moja, akaiweka shavuni kupima joto lake, akasema, "Baba Askofu alishakua. Huyu bado. Endelea, fundi."

Niliendelea. Askofu alikula kwenye meza yenye mikunjo kama paji la uso la Katibu, na alipoambiwa sababu alicheka, akaomba apelekwe wodini kuwaombea watoto. Kuanzia siku ile nilitembea kifua mbele. Ndugu zangu waliokuwa wakinitania kwamba nimekwenda mjini kufua nguo za watu, niliwajibu kwamba mimi kazi yangu ina foleni, na askofu amepanga nyuma.

Baadaye nilihamia Mbeya, nikafanya kazi katika nyumba ya wageni chini ya Meneja aliyependa kusema, "Mgeni akiamka na shati lililonyooka, hata bili haimuumi." Nilipochoka kuajiriwa nilijenga kibanda changu Iyunga, mbele ya nyumba, pembeni mwa barabara kuu. Meza ya pasi nilichonga mwenyewe kwa mninga, nikaitandika blanketi zito na shuka juu yake. Walimu walikuja, wanakwaya walikuja na majoho, madereva wa malori ya Zambia walikuja na mashati waliyotaka kuyavaa mpakani. Meza ile imenisomeshea watoto.

Mgongo ulipogoma nikamwachia kibanda mwanangu Tumaini. Hapo ndipo swali mnaloniuliza vijana, kama pasi bado ina kazi, lilipoingia nyumbani kwangu.

"Baba," alisema siku moja, "hii meza inakula nafasi. Nataka niitoe, niweke kabati la vioo, niuze tisheti na madera."

"Na wenye nguo za kunyoosha?"

"Wako wapi, Baba? Siku hizi mtu anafua, anakung'uta, anavaa. Nani ana taimu ya pasi?"

Akaniambia seremala angekuja Jumatatu kuing'oa. Iliniuma, sifichi. Nilikaa kibarazani siku kadhaa nikiwatazama wapita njia, nikitafuta wa kunitetea. Jinzi za kuvutika, jezi za mpira, sweta, tisheti. Hata mwalimu alipita na suruali ya kitambaa kile kisichokunjika, anapendeza tu. Nikaona kijana hajanidanganya. Mimi mbishi, lakini macho yangu siyabishii.

Wiki chache kabla, mkamwana wangu, mke wa Tumaini, alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo sana. Hospitali iliwaangalia mpaka ikaridhika, ikawaruhusu Jumapili ile, kesho yake seremala aje, na wauguzi wakasisitiza: akae kifuani kwa mama yake, na kila kinachomgusa kiwe kikavu na cha vuguvugu. Pampasi ndogo kuliko zote dukani ilimfika kwapani, kwa hiyo ni nepi za kitambaa. Nao ulikuwa mwezi wa sita, Mbeya imejifunika ukungu, na kamba yetu ilikuwa inadondosha maji tu.

Mkamwana ni Mnyakyusa wa Tukuyu, kalelewa na bibi yake kwa mila za zamani. Kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani. Ananisalimia kwa mbali, ameinamisha macho, na mimi chumbani kwake siingii. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilikaa nje, nikimsikia mjukuu akilia kwa sauti nyembamba, nisiweze kufanya lolote. Umeme nao ulikuwa umekatika.

Tumaini akatoka na nepi mbichi mikononi, uso umemshuka. Wakati huohuo seremala akaingia uani na msumeno na nyundo.

"Ndiyo hii meza, bosi?" akauliza, na tayari ameishika mguu. "Nina kazi nyingine Mwanjelwa, tuitoe chapchap."

Mwanangu aliitazama meza, akazitazama nepi. Kisa cha Matroni amekisikia tangu akiwa mtoto. Nilikisimulia hadi akawa anakimalizia yeye kabla sijafika mwisho, kunikomoa.

"Kaa kwanza, fundi," akasema. "Wewe ulishakua."

Seremala hakuelewa kitu. Mimi machozi yalinitoka, nikainama nikaivuta pasi ya mkaa kutoka chini ya meza. Moto niliuwasha mimi, nikiwa nimesimama upande unaofaa. Kunyoosha alinyoosha Tumaini, kwa pupa mwanzoni, kisha akatulia.

"Baba, joto hili linatosha?"

"Usiniulize mimi. Weka shavuni. Likikubembeleza, mpelekee. Likikuuma, ngoja."

Aliweka shavuni, akangoja kidogo, akapeleka. Kilio kikapungua, kikakoma. Kisha kutoka nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mkamwana, ambayo zaidi ya salamu ya mbali haijawahi kunisemesha: "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba.

Seremala alikunywa chai akaenda zake Mwanjelwa. Kabati la vioo lilikuja baadaye, likawekwa upande wa pili, na meza ikabaki.

Sasa mnaniuliza kama nguo za leo bado zinahitaji pasi. Nyingi hazihitaji, na anayepinga anajisumbua. Lakini mimi sikuitumikia mikunjo miaka yote ile. Niliwatumikia watu, na nilijua nani atangulie na nani asubiri. Mjukuu wangu siku hizi anakimbia hapa uani na tisheti ambazo hazijawahi kuonja pasi, zimekunjamana kama karatasi ya maandazi. Simsemi. Ameshakua.