Kadi Niliyoifunga kwa Mpira wa Baiskeli

Hapana, sikuiba kadi ya mtu. Ilikuwa yangu mwenyewe, ina picha yangu nimekunja uso kama nimelamba ndimu.

Nilikuwa napika chai kwenye ofisi moja hapa Mpanda. Mlango wa jikoni haufunguki mpaka ugusishe kadi kwenye kidude cha ukutani. Sasa birika mkono huu, trei mkono huu, kadi niishike kwa meno? Nikachukua mpira wa baiskeli, ule tunaofungia kuku akienda sokoni, nikaifunga kadi palepale kwenye kidude. Juu yake nikatundika kitambaa cha vikombe. Mlango wazi kutwa! Nikajiona injinia.

Miezi ikapita, kompyuta za ofisi zikawa goigoi. Mtu anaandika neno lake la siri, anakuja kukubaliwa chai imeshapoa. Binti yetu wa kompyuta, mzaliwa wa Kibaoni, akasema ule mfumo unaotambua nani ni nani, mlangoni na kwenye kompyuta, umejaa kumbukumbu za watu kuingia. Zipunguzwe.

Bosi, anayeongea kama ana ugali wa moto mdomoni: "Hakuna kufuta! Kumbukumbu ni mali ya ofisi! Kompyuta zisipokaa sawa hadi Ijumaa naleta fundi kutoka Dodoma, na wewe mkataba wako basi."

Binti akaja jikoni, machozi haya hapa. "Bibi, narudi Kibaoni kufukuza ndege kwenye mpunga."

Nikamwigiza bosi, ugali na yote, mpaka akacheka na makamasi. Nikamwambia, "Angalia kwanza takataka ni za nani. Mimi sifagii kabla sijaangalia."

Akaangalia. Ijumaa akatuita mimi na bosi kwenye skrini. Kusoma sijui, lakini sura yangu naijua. Anashusha orodha, mimi. Anashusha tena, mimi. Kidude kilikuwa kinaisoma kadi yangu kila nikipepesa jicho, na kila mara kinaandika: bibi kaingia. Nimeingia mara nyingi kuliko wafanyakazi wote, na kutoka sijatoka!

"Nikiondoa za bibi tu," binti akasema, "mfumo unapona leo leo. Za wengine sigusi hata moja."

Nikaanza kujitetea kwa sauti ya mgonjwa. Bosi akaniangalia, akaangalia kikombe chake.

"Futa bibi wote," akasema. "Chai yenyewe maji matupu."